Kanda la Usufi

Wamekuja saa moja asubuhi, wanne,
weupe toka utosini hadi visiginoni.
Wamezungusha utepe kwenye mti wa jozi
wakatuambia tusimame ng'ambo ya barabara, mimi na baba,
kama watu waliokuja kutazama nyumba ya wengine ikinadiwa.

Baba ana miaka themanini na minane.
Amevaa koti la kuendea harusi.
"Wanaanzia wapi?"
"Darini."
"Kidato cha tatu cha ngazi kina ufa. Waambie."
Nawaambia. Hawasikii ndani ya barakoa zao.

Kilikuwa kitu cha bure. Hilo ndilo la kuelewa kwanza.
Kiwanda cha vigae, pale mto Po unapojikunja,
kilibakiza unga wa asbesto chini ya mashine,
mwepesi, hausikii moto, hausikii maji,
na msimamizi Delpiano akasema: chukueni, jamani, chukueni.
Wengine wakaumwaga uani, tope likakoma.
Padri akautandaza kwenye uwanja wa tufe nyuma ya kanisa,
na sisi watoto tukaanguka mle, tukajipukuta, tukaendelea.
Baba yeye aliwaza baridi.
Magunia kumi na mawili, kwa baiskeli,
Novemba nzima, ukungu ukimmeza hadi kiunoni,
kengele ikifika nyumbani kabla yake.
Akayamwaga juu ya vyumba tulimolala,
akasawazisha kwa reki,
akashuka na nyusi nyeupe,
na mama akacheka: Evasio, umezeeka ghafla.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Ki nguoni, kweli: ovaroli mama aliikung'uta mlangoni
kila Jumamosi kabla ya kuiloweka.
Lakini pia ki darini, ki kwenye kijia cha bandani kwa kuku,
ki katika ufa wa ubao juu ya kitanda changu
ambamo jua la saa nne lilipenya na kuning'iniza
vitu vidogo vinavyong'aa, visivyotua.
Nilivihesabu. Vingine nilivipa majina.

Mama hakukanyaga kiwandani hata siku moja.
Miaka thelathini na sita baadaye
ngazi za sokoni zikamshinda katikati.
Daktari alichora pafu nyuma ya bahasha,
akalizungushia mstari: huu utando, alisema,
ndio unaonenepa, unakaza kama gome.
Nyuzi zile hazioi. Hazitoki. Zinangoja.
Walimtoa maji ubavuni, lita mbili,
wiki ikapita, lita mbili tena.
Secondina, aliyegombana na redio akikanda unga,
akawa anachagua maneno kwa urefu wake.
Mwishoni alimwita baba "Eva" tu,
pumzi ilitosha silabi mbili.

Na baba, aliyebeba, pafu zake safi.
Kila mwaka wanampiga picha, kila mwaka safi.
"Mungu hana shabaha," husema,
halafu huenda kuwalisha kuku wasiokuwepo tena.

Saa sita mifuko inateremshwa,
plastiki ndani ya plastiki, herufi nyekundu ubavuni.
Kila mmoja unapimwa, unaandikwa.
Susu langu limo. Trei za kukaushia pea zimo.
Barua za baba mdogo kutoka Ajentina, na sanduku lake.
Hakuna kuchagua: kilicholala na vumbi ni vumbi.
Baba haombi hata kimoja. Anahesabu,
midomo ikitikisika kama ya mtu kwenye rozari.
"Thelathini na mmoja," anasema.
"Mimi niliingiza kumi na mawili."
Kimya.
"Yamezaa."

Kijana wa mwisho anapita na mfuko begani,
haumwelemei, ni kama kanda la usufi.
Baba anamfuata kwa macho hadi kwenye lori.
"Mwepesi, eh?"
Kofia nyeupe inatikisika: ndiyo, mzee, mwepesi.

Mimi nina miaka hamsini na minne.
Nachukua umri wangu, natoa sita, nafikia arobaini na minane,
naiacha hesabu hapo.
Baba amegeuka, ananitazama kifuani,
anainua vidole vyake vinavyotetemeka
na kunifunga kifungo cha juu cha koti.
"Baridi," anasema.